Boya Zito kwa Mto Mzito

(Maneno niliyowaambia wavuvi wenzangu wazungumzaji wa Kiswahili, Nottingham, Oktoba, usiku wa kuamkia siku ya kwenda mtoni. Nimeyaandika kwa ombi la waliokosa kufika.)

Mwenyekiti wa shughuli, wazee wangu shikamooni, kaka na dada zangu, vijana wetu mliokuja na wazazi, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja: namna ya kuchagua boya la kuvulia kwenye mto wenye kasi na kina. Nimekubali kwa moyo mweupe, maana nimewaona wengi wenu kwenye kingo za mto Trent, kuanzia hapa mjini hadi kule Fiskerton na Newark, mkivua kwa subira kubwa na kurudi na samaki wachache kuliko jasho mlilolitoa. Fito mnazo nzuri, na chambo chenu hakina kasoro. Ninachokiona kila mara ni boya jepesi mno kwa maji yaliyo mbele yake. Basi nitakachokisema usiku huu chote kinazunguka hapo: kwenye mto wa kasi na kina, boya zito linafanya kazi kwa upole zaidi kuliko boya jepesi. Najua linasikika kinyume. Nipeni nafasi nilieleze.

Wengi wetu tulijifunza kuvua nyumbani, kwa kipande cha ndara kilichokatwa kwa wembe au kwa bua la mtama, kwenye bwawa au kwenye kona ya mto ambako maji yametulia. Huko boya lina kazi moja, kukuonyesha kwamba samaki amegusa. Hata kipande cha ndara kinaiweza kazi hiyo. Kwenye Trent kazi hiyo ipo, lakini kabla yake kuna nyingine iliyo kubwa zaidi. Boya linabeba uzito unaokiteremsha chambo chini, na ndilo linaloamua chambo hicho kitembee kwa mwendo gani kikishafika.

Ukisimama ukingoni unaona povu na majani ya miti yakipita mbio, na jicho linaamini kwamba mto wote unakwenda hivyo. Sivyo. Maji ya chini yanasuguana na kokoto, mawe na magugu, kwa hiyo yanapungua mwendo. Wanaopima mito kwa taaluma huteremsha kipimo chao hadi sehemu sita kati ya kumi za kina, wakihesabu kutoka juu, kwa sababu hapo mwendo unakaribia wastani wa safu nzima ya maji. Juu ya hapo maji yana kasi zaidi, chini ya hapo ni ya pole, na sentimita chache za mwisho juu ya kokoto ndizo za pole kuliko zote. Humo ndimo anamokaa barbeli, yule samaki mrefu mwenye ndevu nne mdomoni na tumbo bapa. Hatumii nguvu kupambana na mkondo, bali anajibana chini na kungoja riziki iletwe. Na riziki ya kweli inamjia kwa mwendo wa maji ya chini. Funza wako akipita mbele yake kwa mwendo wa maji ya juu, anaachwa apite.

Kwa hiyo tuna boya lililo kwenye maji yanayokimbia, na chambo kilicho kwenye maji yanayotembea, na vyote viwili vimefungwa kwenye mshipi mmoja. Mvuvi asipofanya lolote, boya litakiburuta chambo. Dawa yake ni kulizuia boya. Unaweka kidole kwenye ukingo wa rili, kile kigurudumu cha mshipi, unauachia mshipi kwa kuubania kidogo, boya linachelewa, chambo kinatangulia. Samaki anakutana na funza kwanza, kabla ya chubwi, vile vidonge vya uzito vilivyobanwa kwenye mshipi, na kabla ya boya.

Sasa jaribuni kulizuia boya la gramu 2, yaani linalobeba gramu 2 za chubwi, kwenye maji ya mita 3 yenye nguvu. Mara tu unapobana, mkondo unaukamata mshipi ulio chini ya boya na kuusukuma wote juu, kwa sababu chubwi zilizopo hazina uzito wa kuushikilia. Chambo kinapaa hadi katikati ya maji, na boya lenyewe linasogea kuja ukingoni. Waliokulia baharini wanajua jahazi lisilo na farumi linavyofanywa na upepo. Boya jepesi linafanywa hivyo hivyo na mkondo.

Tuweke hesabu kidogo. Tuseme umepima na kupata mita 3. Umetupa kipande cha mkate kikavuka mita 10 kwa sekunde 10, yaani mita moja kwa sekunde, na huo ni mkondo wa kasi. Mbele yako kuna mita 20 za maji safi unazoweza kuzivua. Ikiwa chubwi zako nyepesi zinachukua sekunde 8 kukifikisha chambo chini, umeshapoteza mita 8, tena zile za karibu nawe ambazo ulikuwa unazitupia funza asubuhi nzima. Ukifunga boya la gramu 6, na chubwi nyingi zikiwa kundi moja upande wa chini, chambo kinafika kwa sekunde mbili tatu tu na kinakaa pale unapokitaka.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu, na kijana mmoja amenieleza leo jioni tukila: boya kubwa samaki atalisikia na kukitema chambo. Tulitazame kwa makini. Gramu 6 za boya zimeshalipwa na gramu 6 za chubwi. Boya linavuta juu, chubwi zinavuta chini, vimesawazishana. Kilichobaki kwa samaki kukizamisha ni ile ncha iliyo juu ya maji. Ukilishusha boya la gramu 6 kwa chubwi hadi ibaki juu ya maji ncha ile ile inayobaki kwenye boya la gramu 2, nguvu ya kuizamisha haitofautiani. Ni kweli kitu kizito kina ugumu wake kuanza kusogea, ndiyo maana kwenye maji yaliyolala ningewaambia mchukue boya dogo. Kwenye mkondo kuna jambo lingine linalobadilisha kesi: samaki akikishika chambo na kusimama, mto wenyewe unaendelea kulisukuma boya, na maji ndiyo yanayolizamisha. Nguvu ya kulizamisha inatoka mtoni zaidi kuliko mdomoni mwa samaki.

Tuje kwenye maboya yenyewe. Nimeyapanga hapa mezani, na baadaye mtayashika.

Hili jembamba ni stiki. Kwa kawaida juu ni balsa na chini ni mti mzito zaidi au waya. Ni boya zuri sana mahali pake, kwenye maji ya mita moja na nusu hadi mbili yanayotembea bila fujo. Kanuni ya zamani ya wavuvi wa nchi hii inataka chubwi moja ya namba 4 kwa kila futi ya kina, zikigawanywa kwa nafasi sawa. Lakini umbo lake ni la kijiti, halina mabega. Ukilizuia kwenye mkondo mkali linapanda na kulala. Kwa kesho liacheni kwenye boksi.

Hili la pili ndilo nataka mlijue vizuri. Linaitwa Avon, kutokana na mto Avon wa Hampshire unaopita Salisbury na Ringwood na kuishia baharini Christchurch, mto wa maji safi yenye nguvu na barbeli wakubwa. Litazameni kwa karibu. Mwili mnene umekaa juu, karibu na ncha, na chini yake kuna kijiti kirefu chembamba. Kila sehemu ina sababu. Mwili ukiwa juu, unapolizuia boya maji yanayapiga mabega yake na boya linabaki limesimama, halichomoki. Kijiti kirefu kinashuka chini ya vurugu ya juu na kulipa boya uthabiti, hasa kikiwa cha waya, maana uzito wa waya uko mbali chini. Kijiti cha mti kinaelea kidogo, kwa hiyo boya linachukua muda zaidi kusimama, lakini kwa maji yasiyo na mapovu ya kuchemka kinatosha. Kwa sehemu za Trent zenye mita mbili na nusu hadi tatu, mimi huanza na Avon la gramu 4 au 5, na sioni haya kupanda hadi 6 au 7.

La tatu ni bolo, na limetoka Italia, nchi za Bologna na bonde la Po, ambako wanavua kwa fito za kuchomoana zinazofika hata mita 7 au 8. Wataliano wamelifikiria jambo hili la kuzuia boya kuliko mtu yeyote ninayemjua. Maboya yao yana shina la waya au kaboni, na mwili wake una maumbo mawili mnayopaswa kuyatofautisha dukani. Lenye tumbo chini ni la maji ya pole. Lenye tumbo juu ni la mkondo na la kuzuiwa. Msichukue kwa rangi, chukueni kwa tumbo. Bolo la tumbo juu la gramu 6 au 8, kwenye ufito mrefu unaouinua mshipi wote kutoka majini, unaweza karibu kulisimamisha kabisa na chambo kikabaki chini kinachezacheza. Kwa maji ya baridi, samaki wakiwa wazito wa kusogea, silijui boya bora kuliko hili. Wenye fito za mita 4 za kawaida bado mnaweza kulitumia karibu na ukingo, ila mbali mtapata taabu.

La nne, loafa, ni fupi na nene, mara nyingi la plastiki angavu. Hilo ni la maji yanayofoka, chini ya kizingiti, au kwenye maporomoko madogo yenye mawe, kama sehemu nyingi za mto Wye. Linabeba kipande kikubwa cha mkate au minyoo miwili bila kuzama, na unaliona hata likiwa mbali sana. Chabu, samaki mwingine wa mito hii, anakipenda sana chambo linachokibeba. Kwa maji ya kina kilichonyooka mimi nalipa nafasi ya pili nyuma ya Avon, kwa sababu ufupi wake unalifanya liyumbe ukilizuia muda mrefu.

Na wagla, lile linalofungwa chini tu, tafadhali lisije mtoni kesho. Boya la kuachia na mkondo lazima lifungwe juu na chini, la sivyo huwezi kulizuia bila kulizamisha.

Hapo kwenye kufunga nikae kidogo, maana nimeona maboya ya gharama yakipotea kwa mpira wa senti chache. Tumieni vipande vitatu vya mpira wa silikoni: kimoja chini ya ncha, kimoja katikati, kimoja mwishoni mwa shina. Kile cha mwisho kivutwe kipite mwisho wa shina kwa milimita mbili tatu. Mkizoea kufanya hivyo, mshipi hautajisokota kwenye shina kila mnaporusha. Vipande vitatu pia vina faida kwamba kimoja kikipasuka boya linabaki na viwili.

Ncha iwe nene. Kwenye maji ya kasi ncha nyembamba inamezwa na kila wimbi, na unabaki unavuta mshipi bure. Acheni sentimita moja, hata moja na nusu, juu ya maji. Kuhusu rangi, nyekundu au chungwa kwa siku za kawaida. Njano kwenye kivuli cha miti. Na nyeusi pale maji yanapong'aa kama fedha jioni, hapo nyekundu hupotea na nyeusi huonekana waziwazi.

Chubwi sasa. Mkumbuke vipimo, maana vimeandikwa kwa herufi ubavuni mwa maboya: BB ni gramu 0.4, AAA ni gramu 0.8, SSG ni gramu 1.6. Boya lililoandikwa 5AAA linabeba gramu 4. Kwa boya la gramu 5 au 6, wekeni sehemu kubwa ya uzito kwenye kundi moja, sentimita 80 hadi mita moja kutoka kwenye ndoano. Chini ya kundi wekeni chubwi mbili ndogo, namba 4 au namba 6, ya mwisho ikiwa kama sentimita 25 kutoka kwenye ndoano. Maji yakiwa na vurugu zaidi, teremsheni kundi hadi sentimita 50. Chabu wakianza kupanda kula katikati ya maji, pandisheni kundi na muachie nafasi ndefu. Msizibane chubwi kwa meno. Nguvu ya meno inaujeruhi mshipi, na zaidi ya hapo ni meno yenu.

Na zisiwe za risasi. Tangu 1987 sheria ya Uingereza na Wales inakataza chubwi za risasi zenye uzito wa gramu 0.06 hadi 28.35, kwa sababu mabata maji wale weupe wakubwa walikuwa wakizimeza pamoja na kokoto na kufa kwa sumu. Ukipewa boksi la zamani na jirani mwema, zitazame kwanza.

Kina kipimwe, kisikisiwe. Fungeni bildi, yaani kipande kizito cha kupimia kina, kwenye ndoano, mpime mahali pa kuanzia, katikati, na mwisho wa eneo lenu. Mkishajua, ongezeni. Ukilizuia boya, mshipi wa chini haushuki wima, unakwenda kwa mshazari, kwa hiyo kina cha boya lazima kizidi kina cha maji. Kwa kuzuia kidogo ongezeni sentimita 15 au 20. Kwa kuzuia sana, hata 40 au 50. Boya likizama kila linapofika mahali pale pale, huenda hapo kuna kokoto zilizoinuka, lakini wahini kuvuta hata hivyo, kwa kuwa hapo ndipo barbeli anapopenda kulala. Likizama kila mahali, mmezidisha kina, au boya ni jepesi. Jaribuni kwanza boya zito.

Mji huu tulimo una haki ya kutajwa katika jambo hili. Uvuvi wa kuliachia boya liende mbali na mkondo umekuwa ukiitwa kwa jina la Nottingham tangu karne ya 19, na rili za mbao zinazozunguka zenyewe kwa nguvu ya maji zilitengenezwa hapa. Watoto wa rili hizo ni sentapini tunazozitumia leo. F. W. K. Wallis alikuwa mtu wa Nottingham, na namna yake ya kurusha kwa sentapini bado inabeba jina lake. Mwaka 1937 alimtoa barbeli wa pauni 14 na aunsi 6, karibu kilo 6 na nusu, kwenye mto Avon kule Christchurch. Sisi tuliokuja kutoka Tanga, Kisumu, Bujumbura na Bukavu tunavua leo kwenye kingo zile zile ambako ufundi huu ulizaliwa, na mimi naona hilo ni jambo la kulichukulia kwa uzito na furaha. Sentapini si lazima. Rili ya kawaida inafanya kazi, mradi kidole chako kijue kubana. Ila sentapini nzuri inauachia mshipi kwa mwendo ambao mkono wako peke yake hauwezi kuulinganisha.

Upepo nao unachagua boya. Ukitoka chini ya mto kuja juu, shukuruni, maana unaurudisha mshipi nyuma ya boya na kuwasaidia kulizuia. Ukivuma kufuata mkondo, unaupeperusha mshipi mbele ya boya na kulivuta. Hapo ongezeni gramu 2, na muinue mshipi na kuurudisha nyuma mara kwa mara, taratibu, bila kulitikisa boya. Ukiwapiga usoni kwa nguvu, hameni.

Kuhusu kesho. Kila mwenye miaka 13 na kuendelea aje na leseni ya ufito. Kwa wasiofika miaka 17 ni bure lakini lazima waichukue, na faini ya kuvua bila leseni inaweza kufika pauni 2,500. Mto umepanda kwa mvua ya juzi, kwa hiyo kila mmoja avae jaketi okozi, na vijana wasikae mbele ya wazazi wao kwenye ukingo wenye utelezi. Tutaanza wote na Avon la gramu 5 kwenye maji yaliyonyooka, upande wa juu ya mto kutoka darajani. Dakika kumi za kwanza ni za kutazama na kupima tu, hakuna ndoano majini. Wanaotaka kujaribu bolo nitakuwa nao upande wa miti, ambako kuna mita tatu na nusu karibu kabisa na ukingo. Nimeleta maboya ya akiba ya kutosha, na chubwi, na mpira wa silikoni. Njooni mezani muyashike, na yeyote mwenye boya lake mfukoni alilete tulipime kwenye ndoo ile pale.

Asanteni sana.